Sumu ya madini: kabla ya kumlaumu mama, tupime maji na vumbi



Mtu wa Goma hahitaji kufundishwa kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kuua. Watoto wetu hulijua neno mazuku kabla hawajajua kusoma. Wanajua kwamba upande wa Sake na kando ya ziwa kuna mabonde ambamo hewa nzito ya volkano hutuama chini, na mbuzi akishuka humo asubuhi hatoki. Hewa hiyo haina rangi. Tunaiogopa kwa sababu wazee waliona wafu wake, na kwa sababu watafiti wa Kituo cha Volkano cha Goma walikwenda na vyombo vyao, wakapima gesi ya kaboni, wakasema: hapa pana hatari.

Leo ninaandika juu ya sumu nyingine isiyoonekana, ambayo haiui asubuhi moja. Wataalamu wanaiita metali nzito: risasi, zebaki, aseniki, kadimi, na nyingine zinazotoka ardhini pamoja na madini tunayouza, kama kobalti na urani. Katika lugha yetu neno risasi ni la kile kinachotoka katika bunduki, na pia ni la metali iliyomo ndani ya betri ya gari. Sisi wa Mashariki tunawajua wafu wa risasi ya kwanza kwa majina yao. Wanaoumizwa na ile ya pili hatuwahesabu, na mahali pasipo hesabu watu hutafuta wa kulaumiwa. Hapo ndipo neno hili linapoligusa Kanisa.

Kikombe cha mkojo huko Katanga

Tuanze kusini, mahali ambapo kazi ya kupima imefanyika kwa miaka mingi. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na daktari Benoit Nemery wa chuo kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji na wenzao, walijiuliza swali jepesi: watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, je, wamebeba madini hayo mwilini? Waliomba watu wazima na watoto 351 kutoka sehemu mbalimbali za Katanga watoe mkojo katika kikombe safi. Vikombe vikapelekwa Ubelgiji kupimwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwandani walikuwa na kobalti nyingi kuliko wote. Watafiti waliandika kwamba kiasi hicho kilizidi chochote kilichowahi kuripotiwa duniani kwa wananchi wa kawaida, yaani watu ambao si wafanyakazi wa kiwanda. Kobalti haikuwa peke yake. Waliona pia aseniki, kadimi, risasi na urani.

Hawakuishia hapo. Waliuliza sumu inapita njia gani. Uchunguzi wao wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba inapita katika chakula, hasa mboga na nafaka za mashamba ya karibu, na kwa watoto pia katika vumbi. Mtoto hucheza chini, huweka mkono mdomoni, hula bila kunawa.

Mwaka 2018 wakatoa habari za Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi. Mwaka 2014 watu wa mtaa huo waligundua kwamba chini ya nyumba zao kuna kobalti, wakaanza kuchimba uani, na wengine hata ndani ya vyumba. Watafiti walipima wakaaji 72, watoto 32 wakiwa kati yao, wakawalinganisha na watu wa mtaa mwingine usio na mgodi. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mara 10 hivi kuliko watoto wenzao. Zaidi ya hayo, kulikuwa na dalili za uharibifu katika chembe za urithi, yale maandishi madogo ndani ya mwili ambayo mtu huyapokea kwa wazazi wake.

Kisha mwaka 2020 likaja neno zito kuliko yote. Katika hospitali za Lubumbashi, watafiti waliwalinganisha watoto waliozaliwa na vilema vinavyoonekana na watoto waliozaliwa bila vilema. Waliwauliza wazazi kazi zao, wakapima metali katika miili yao. Jambo lililojitokeza kwa nguvu zaidi lilikuwa kazi ya baba: ambapo baba alifanya kazi ya madini, hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema ilikuwa kubwa mara 5 hivi.

Tusome matokeo hayo kwa uaminifu. Hesabu hiyo ilitokana na familia chache, na watafiti hawakusema kwamba kila kilema kinatoka mgodini. Vipimo vya kobalti peke yake havikutosha kueleza vilema vile. Walisema kwamba kuna uhusiano, na kwamba unastahili kufuatwa. Lakini hata hivyo, tazameni jinsi neno hilo linavyogeuza mazungumzo yetu ya nyumbani.

Nani aliyetenda dhambi?

Katika familia zetu, mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka au mgongo ulio wazi, wa kwanza kuulizwa ni mama. Ulikula nini? Ulimkosea nani? Ukoo wenu una laana gani? Mimba zikiharibika mara mbili au tatu, mama mkwe huanza kumtazama kwa jicho lingine, na bwana hushauriwa atafute mke mwingine. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo kama mchungaji. Sijasikia hata mara moja mtu akimuuliza baba: unafanya kazi gani, na nguo zako za kazi unazifulia wapi?

Wakati mwingine lawama huvuka mama na kumfikia bibi mzee wa kijiji. Tunajua yaliyotokea Kivu ya Kusini mwaka 2021, wamama wazee walipouawa na umati kwa kushitakiwa uchawi. Ugonjwa usio na maelezo ni njaa. Usipolishwa ukweli utakula mtu.

Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali kama letu mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu, katika Yohana sura ya 9: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alikataa swali lenyewe. Hakumtwisha yule kipofu wala wazazi wake, akaishughulikia hali ya yule mtu. Kanisa linalomfuata Bwana huyo haliwezi kuendelea kuuliza swali ambalo yeye alilikataa.

Kwa hiyo kipimo cha maabara ni kitu cha kichungaji. Kinaweza kumwondolea mama mashitaka ambayo hakustahili. Kinamhamisha mshitakiwa kutoka chumba cha kujifungulia mpaka kwenye chanzo.

Chanzo cha maji ya Yeriko

Wengi wetu tumehubiri juu ya Elisha na maji ya Yeriko katika 2 Wafalme sura ya 2. Watu wa mji wanamwambia nabii kwamba mahali pao ni pazuri, ila maji ni mabaya. Neno la Kiebrania linalotumika pale kwa habari ya nchi hubeba maana ya kufiwa na watoto, kuharibu mimba. Wazee wa Yeriko walikuwa wameunganisha vitu viwili: maji wanayokunywa na watoto wasiofika. Hawakuja na jina la mwanamke yeyote mkononi.

Na Elisha alifanya nini? Alitoka akaenda mpaka kwenye chemchemi. Hakuombea vikombe mezani, nyumba kwa nyumba. Alikwenda yanakotoka.

Liko andiko jingine ambalo hatulihubiri sana, Mambo ya Walawi sura ya 14, habari ya nyumba yenye pigo ukutani. Mwenye nyumba anakwenda kumwambia kuhani. Kuhani anaamuru vitu vitolewe kwanza, ili mali ya mtu yule isihesabiwe najisi pamoja na nyumba. Kisha anaingia, anatazama, anaifunga nyumba siku 7, anarudi, anatazama tena. Pigo likiwa limeenea, mawe yenye ugonjwa yanatolewa na kutupwa nje ya mji, mahali palipotengwa. Angalieni utaratibu huo: kuna kupokea habari, kuna kulinda mali ya mwenye nyumba, kuna kuchunguza, kungoja na kuchunguza tena, kisha hukumu. Kuhani hakutoa hukumu kwa uvumi, wala hakusema kwamba mambo ya ukuta si kazi ya hekalu.

Na huku kwetu?

Kivu haina kobalti ya Kolwezi. Ina dhahabu, koltani na kasiteriti. Kila moja ina vumbi lake na hatari yake.

Dhahabu inakuja na zebaki, ile metali ya majimaji inayong'aa kama fedha. Kamituga, Mongbwalu na kwingineko, mchimbaji anaichanganya na mchanga wenye dhahabu. Zebaki inashikamana na dhahabu na kuwa donge. Donge linawekwa juu ya moto, zebaki inakuwa moshi, dhahabu inabaki. Moshi huo hauonekani vizuri, lakini anayeuvuta anaupeleka mpaka kwenye ubongo na figo. Mara nyingi moto wenyewe ni jiko la nyumbani, na mama yupo hapo na mtoto mgongoni. Zebaki iliyobaki inashuka mtoni. Huko vijidudu vya matope huigeuza kuwa aina mbaya zaidi, samaki wadogo wanaipokea, samaki wakubwa wanawala wadogo, na mwishoni mwa safari kuna sahani ya mama mwenye mimba. Umoja wa Mataifa unasema kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi angani kuliko kazi nyingine yoyote ya binadamu.

Dunia ilikwisha kuona mwisho wa njia hiyo. Mwaka 1956, Minamata nchini Japani, madaktari waliona wavuvi na watoto wao wakitetemeka, wakipoteza usemi, na paka wakirukaruka kama wenye wazimu. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kinamwaga zebaki baharini. Serikali ilikubali rasmi chanzo hicho mwaka 1968 tu, miaka 12 baadaye. Muda huo wote watu waliendelea kula samaki, na majirani waliwakimbia wagonjwa wakidhani ni ugonjwa wa kuambukiza.

Koltani nayo ina vumbi la mawe linaloharibu mapafu, na ndani yake mara nyingi kuna urani na thori kidogo. Watafiti wa Kongo waliowachunguza wachimbaji wa koltani wa Kisengo, katika jimbo la Tanganyika, walikuta kwao matatizo ya kupumua mengi kuliko kwa wafanyakazi wa ofisini. Rubaya, katika Masisi yetu, inatoa kadiri ya asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Dunia huandika juu ya Rubaya kwa sababu ya vita na kodi, tangu ilipoangukia mikononi mwa M23 mwaka 2024, na kwa sababu ya mashimo yanayoporomoka na kufunika vijana wetu. Mapafu ya waliotoka hai hayaandikwi.

Hata anayeishi mjini, mbali na mashimo, hajaepuka. Betri kuukuu zinavunjwa uani ili risasi iyeyushwe, na asidi inamwagwa kando ya bustani ya lengalenga. Sufuria nyingi tunazopikia zinayeyushwa na mafundi kutoka vyuma vilivyookotwa. Uchunguzi wa sufuria za namna hiyo huko Kamerun, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba zinaweza kutoa risasi ndani ya chakula. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huanza kwa kupunguza akili na usikivu darasani. Mwalimu anaona mtoto mvivu.

Kwamba kipimo kinaweza kuleta haki

Mtu atasema: hata tukipima, nani atatusikiliza? Twende Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido alifanya kazi hapo, na mtoto wake anayenyonya akaugua. Walitafuta malaria, wakatafuta tifoidi. Mwishowe damu ya mtoto ilipimwa na kukutwa na risasi. Kutokana na karatasi hiyo moja, watoto wengine wakapimwa, mtaa ukaamka. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa hukumu hiyo mwaka 2023, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Ilikuwa njia ndefu, na wengine walikufa kabla ya mwisho wake. Lakini ilianza na mama mmoja aliyekataa jibu la kubahatisha.

"Vita vinatutosha"

Najua mnachowaza. Tangu Januari 2025 mji wetu umepita katika mambo ambayo sina haja ya kuyarudia. Watu wamezika, benki zilifungwa, na wengi wanalala bila kula. Katika hali hii, kuzungumza juu ya metali nzito si anasa?

Nina majibu mawili. La kwanza: vita ndiyo wakati ambapo sumu hii huenea bila kuulizwa. Shule zikifungwa watoto huenda mashimoni. Mashamba yakiachwa watu hukimbilia dhahabu. Wakaguzi huondoka. La pili: vita vitakwisha siku moja, kwa neema ya Mungu, lakini risasi na zebaki haziozi. Zitawangoja wajukuu wetu katika matope ya mito.

Wapo pia wanaohofia mkate wao. Nao tuwasikilize, kwa maana matoleo ya parokia nyingi, na hata karo za shule zetu, yanatoka katika mikono yenye udongo wa migodi. Kumbukeni kuhani aliyeamuru vitu vya mwenye nyumba vitolewe kwanza. Mchimbaji ndiye wa kwanza kuumia. Hatumwendei kama mshitakiwa. Na tusiwatishe watu kwa uvumi. Mtu asisimame madhabahuni kuwaambia wamama wa Kituku kwamba sambaza zao ni sumu, hali hakuna aliyezipima. Uvumi unaweza kumnyang'anya mjane biashara yake kwa siku moja.

Tunaweza kufanya nini kabla ya mwisho wa mwaka

Yapo mambo ya nyumbani ambayo hayangoji maabara. Kuchemsha maji na kutia klori huua vijidudu vya kipindupindu, na tuendelee hivyo, lakini hakuondoi metali. Maji ya mto unaotoka kwenye machimbo yasinywewe wala kumwagilia mboga. Nguo za mgodi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake. Magunia ya madini yasiwekwe chumba wanamolala watoto. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagia. Mikono ya watoto ioshwe kabla ya chakula. Zebaki isichomwe jikoni kamwe, na mama mwenye mimba asiwe karibu. Kuna chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba kinachonasa ule moshi na kuurudisha kuwa zebaki tena. Anayekitumia analinda mapafu yake na kupunguza gharama yake pia. Betri zisiyeyushwe uani.

Yapo pia mambo ya Kanisa. Jumuiya zetu zina hospitali na vituo vya afya, kuanzia hapa Goma mpaka vijiji ambako serikali haijawahi kufika. Kila kituo kina daftari la uzazi. Ninaomba tuongeze mistari mitatu tu katika daftari hilo: kazi ya baba, kazi ya mama, na maji wanayokunywa. Mimba ikiharibika au mtoto akizaliwa na kilema, mistari hiyo ijazwe. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na kitu cha kumwonyesha mtafiti. Majina yabaki siri ya kituo.

Chuo kikuu cha Makanisa yetu, ULPGL, kina kitivo cha tiba na kitivo cha theolojia katika mji huu huu. Wanafunzi wa vitivo viwili wanaweza kuandika kazi zao za mwisho juu ya jambo hili moja: mmoja akichukua maji, udongo na mkojo kwa idhini ya watu, mwingine akisikiliza familia zinavyoeleza mimba zilizopotea. Lubumbashi nao walianza na vikombe, na mashine ya kupimia ilikuwa mbali ng'ambo ya bahari. Makanisa rafiki ya Ulaya, ambayo hutuuliza kila mwaka tunahitaji nini, yana vyuo vyenye mashine hizo. Tuwaombe hilo pia, pamoja na mablanketi.

Na ninyi wachungaji wenzangu, lipo jambo moja lisilohitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Safari ijayo mtakapoitwa katika kikao cha familia juu ya mama aliyepoteza mimba, mgeukieni baba kwanza, kwa upole, mkamuulize anafanya kazi wapi na wanachota maji wapi. Kisha andikeni jibu lake.